Chemsha Maji, Usichemshe Majani



Juma lililopita nilialikwa kunywa chai kwa jirani. Mama mwenye nyumba ni mtu wa bidii: ua wake umefagiwa, vikombe vyake vyang'aa, na mgeni hapiti mlangoni pake bila kukaribishwa. Nilipoingia, sufuria ilikuwa juu ya mbabula tangu alfajiri, na ndani yake majani ya chai yalikuwa yakitokota kama maharagwe. Akanimiminia kikombe. Chai ile ilikuwa nyeusi kama wino wa shule. Nikaonja, ulimi ukakauka, na meno yakawa kana kwamba yamepakwa chaki.

"Mwalimu, ongeza sukari," akasema mumewe, akinisogezea bakuli. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutia vijiko vitatu, na watoto vivyo hivyo. Kisha, nusu kwa kucheka na nusu kwa kulalamika: "Katika nyumba hii sukari yaisha kabla ya mshahara."

"Si kosa langu, Baba watoto," mkewe akajibu. "Chai hii bila sukari nani ataimeza?"

Mama alisema kweli. Chai ile bila sukari isingemezeka. Lakini uchungu wake haukununuliwa dukani pamoja na majani. Ulipikwa pale pale jikoni, kwa makaa yaliyolipiwa fedha. Nilirudi nyumbani nikiwaza ni jamaa ngapi miongoni mwetu zafanya hivyo kila asubuhi, na gharama yake ni nini. Basi leo tuzungumze habari ya chai.

Kwanza tujue tunapika kitu gani. Chai yatoka katika mti mmoja, ambao wataalamu wauita Camellia sinensis. Ukiachwa wenyewe hukua ukawa mti kweli. Shambani hukatwa ubaki kimo cha kiuno, ili mchumaji aufikie. Wasomaji wetu wa milima ya Kivu hawana haja ya kufundishwa jambo hilo, kwani wengine wao wamechuma kwa mikono yao, au mama zao walichuma. Wanajua kwamba jani lililozeeka halifai: huchukuliwa ncha tu, yaani majani mawili na chipukizi lake. Jani hilo bichi halinuki chai hata kidogo. Kiwandani hunyaushwa kwa saa nyingi ili lipoteze maji, kisha hupondwa, kisha huachwa lipigwe na hewa mpaka ukijani wake ugeuke rangi ya shaba, mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto. Huko nyuma mashamba hayo yalikuwa na nguvu zaidi; baada ya mwaka 1973, mali ya wageni ilipotwaliwa, mengi yalidhoofika, na vita vya mwaka 1996 na 1998 vikazidisha. Hata hivyo chai ya Kongo haijafa. Sehemu yake husafiri mpaka Mombasa, ikauzwa huko katika mnada pamoja na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Huenda pakiti uliyonunua jana ina jani lililochumwa karibu na kwenu, likaenda kuiona bahari na kurudi.

Katika kazi zile za kiwandani, itazameni hasa ile ya kuponda. Zamani majani yalikunjwa kwa mikono, na baadaye kwa mashine zilizoiga mikono. Lakini mwaka 1930, huko Assam katika Bara Hindi, mtu aitwaye William McKercher alitengeneza mashine ya namna nyingine: rola mbili za chuma zenye meno, zizungukazo moja upesi na moja polepole, ambazo huliponda jani, hulirarua na kulikunja, likatoka katika vipande vidogo sana. Njia hiyo yajulikana duniani kwa herufi tatu, CTC, na chai nyingi ya nchi zetu hizi hutengenezwa hivyo. Mimina kidogo katika kiganja chako. Ukiona punje ndogo, ngumu, nyeusi, mfano wa mbegu za lengalenga, ndiyo hiyo.

Mpishi ajifunze nini hapo? Kwamba jani limekwisha kufunguliwa. Vilivyomo ndani yake viko tayari kutoka mara maji ya moto yatakapoligusa. Kazi ambayo mama ataka kuifanya kwa moto wa nusu saa, chuma kiliifanya zamani huko kiwandani.

Tena, vilivyomo havitoki vyote kwa mwendo mmoja. Harufu ni nyepesi. Hutoka upesi na hupanda pamoja na mvuke. Nyumba nzima ikinukia chai, watu husifu, lakini harufu iliyo katika chumba haimo tena katika kikombe. Kafeini, ile iondoayo usingizi, nayo hutoka kwa wingi katika dakika za kwanza. Zabaki tanini, ndizo zikaushazo ulimi. Tanini kidogo ni njema, kwani chai isiyo na ukali wowote ni maji yenye rangi tu. Lakini hizo hazichoki kutoka kadiri majani yakaavyo motoni. Basi yule achemshaye nusu saa hapati chai zaidi. Ameipoteza harufu, kafeini alikuwa nayo tangu mwanzo, na alichoongeza ni uchungu peke yake.

Nadhani mazoea haya twayatoa kwa mchaichai. Majani yale marefu ya nyuma ya nyumba yavumilia moto, na ukiyachemsha vizuri watapata wote kinywaji chema. Tangawizi pia hutaka kuchemshwa. Lakini mchaichai si chai, ingawa majina yao ni ndugu.

Sasa maji. Watoto wa masomo wamefundishwa kwamba maji huchemka katika digri 100. Ni kweli kwa mtu akaaye pwani ya bahari. Lakini Bukavu na Goma ziko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na huko maji hutokota karibu na digri 95. Butembo, iliyo juu zaidi, ni chini ya hapo kidogo. Kalemie ni 97 hivi. Wala usidhani kwamba kwa kuongeza makaa utayapandisha: yakiisha kutokota, moto unaozidi huyageuza kuwa mvuke, na joto lake labaki lile lile. Chai nyeusi yapenda maji ya moto kabisa. Kwa hiyo mtu wa milimani asipoteze hata digri moja ya zile alizo nazo. Asiyaache maji yapoe akitafuta kijiko; asiyamimine katika birika baridi; asiache birika wazi. Na awape majani dakika moja zaidi kuliko mtu wa bondeni.

Jambo la pili juu ya maji huwadanganya wengi. Maji ya Ziwa Kivu na ya Ziwa Tanganyika yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, na tabia yake yaelekea magadi, si ndimu. Maji ya namna hiyo huitia chai weusi wa kufifia hata kabla haijakolea. Mpishi aona weusi, adhani ni nguvu. Au ahamia mahali penye maji ya mvua, aona chai yake nyekundu na angavu, adhani ni dhaifu, aongeza majani. Ukitaka kuhakikisha, kamua tone la ndimu katika kikombe cha chai nyeusi uone rangi inavyokimbia. Nguvu ya chai haikupungua. Rangi tu imebadilika. Kwa hiyo jicho lisiwe mwalimu wako katika kazi hii. Kijiko na saa ni waaminifu zaidi. Mwenye paa la mabati na pipa safi ataona maji ya mvua yafaa sana kwa chai, mradi mvua ya kwanza aiache isafishe paa kwanza, nayo aimwage.

Lakini maji yawe ya mvua, ya ziwa au ya bomba, yachemshwe kweli kweli. Kipindupindu bado ni adui wa miji iliyo kando ya maziwa yetu, na mvuke wa kwanza hautoshi kuyatakasa maji. Yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Vijijini vilivyo juu kupita mita 2,000, dakika tatu. Moto ufanye kazi yake yote juu ya maji, kabla majani hayajaingia.

Haya, tupike. Wakati maji yakikaribia kutokota, mimina kidogo katika birika la chai, lizungushe mpaka mikono yako ione joto, kisha uyamwage. Tia majani: kijiko kimoja kidogo kilichosawazishwa kwa kila kikombe cha robo lita, basi. Kuna desturi ya Ulaya ya kuongeza kijiko kimoja "kwa ajili ya birika". Iliwafaa watu wa majani makubwa, yachukuayo nafasi nyingi katika kijiko. Punje zetu ni nzito, na kijiko cha ziada hugeuka ukali. Peleka birika karibu na moto, usiyasafirishe maji mpaka mezani, nawe umimine maji yangali yakitokota. Funika. Lifunge birika kwa kitambaa kizito. Ngoja dakika tatu, au nne milimani. Kama chai yako ni ya majani marefu yaliyokunjwa, nne hata tano, na milimani moja tena. Wapishi wa Ulaya wa kale, saa zisipokuwapo jikoni, walipima mapishi kwa sala, na fungu moja la rozari lisilokimbizwa huchukua kama dakika tatu. Sisemi sala igeuzwe saa. Lakini mama aliye peke yake jikoni alfajiri atajua la kufanya.

Wakati ukitimia, chuja chai yote itoke katika majani. Hapa ndipo wengi wenye nia njema huanguka. Wanafuata kila sharti, kisha wanayaacha majani chini ya birika mpaka baba arudi kutoka kazini, na kikombe cha pili chawa kama kile cha sufuria. Kama chai itangoja watu, ichujwe kwanza, kisha iwekwe katika termosi safi bila jani hata moja.

Mtu asiye na birika asikate tamaa. Sufuria yenye kifuniko yatosha kabisa. Yaondoe maji motoni, uisimamishe sufuria chini, ndipo utie majani na kufunika. Tofauti yote i katika kule kuiondoa motoni.

Huenda wengine watasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." La, tuulize wale ambao chai ndiyo kazi yao. Waonjaji wa chai, ambao maneno yao huamua bei ya shamba zima, hutengeneza chai kali kuliko yetu, ili kila ila ionekane. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa utaratibu wao mwaka 1980: gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Na hata wao, watafutao ukali makusudi, humimina maji yaliyotokota juu ya majani katika chombo chenye kifuniko. Hawarudishi majani motoni. Mwandishi Mwingereza George Orwell naye aliandika mwaka 1946, katika gazeti la Evening Standard la London, masharti kumi na moja ya chai njema. Alipenda chai nzito sana, mimi sitamfuata huko. Lakini mtu huyo mpenda ukali alikataza kabisa sukari, kwa sababu atiaye sukari hainywi tena chai. Watoto wa jirani yangu wasingemchagua kuwa mbunge.

Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, kwa desturi iliyotoka Bara Hindi ikaenea Afrika ya Mashariki, siikatai. Ni mapishi mengine, na maziwa hushikana na sehemu ya tanini yakaulainisha ukali wake. Lakini hata hapo chemsha kwanza maji, maziwa na tangawizi yako. Majani yaingie mwisho, dakika mbili au tatu tu, kisha uchuje.

Juu ya kuhifadhi nitasema kidogo. Chai kavu huvuta unyevu na harufu upesi kuliko kitu kingine chochote katika kabati. Iliyolala karibu na sabuni itanukia sabuni, na iliyolala karibu na sambaza waliokaushwa, mjuavyo wenyewe. Itieni katika kopo la bati lenye kifuniko kikazacho, mbali na moto na jua, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, kwa maana habari ya utamu peke yake ningeiacha ipite.

Siku ile kwa jirani, mtoto wao wa mwisho, ambaye hajatimiza miaka miwili, alilishwa maharagwe na kunyweshwa chai ile nyeusi kwa kikombe hicho hicho, ili chakula kishuke. Mama mwenyewe ni mjamzito, naye alikula sombe na kunywa chai. Twajua kwamba maharagwe na sombe hutupa madini ya chuma, ambayo mwili wayatumia kutengeneza damu. Lakini tanini za chai zikikutana na madini hayo tumboni huyakamata, nayo hupita bila kuingia mwilini. Kikombe kimoja cha chai kali pamoja na chakula cha mimea chaweza kuondoa zaidi ya nusu ya faida hiyo. Mama aweza kupika sombe njema kila siku, na chai ikamnyang'anya mezani pake.

Sisemi kila mtoto aliyepungukiwa damu ameharibiwa na chai. Malaria hula damu, minyoo hula damu, na njaa haina haja ya msaada. Mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe kwa mganga wa zahanati, asitibiwe kwa gazeti. Lakini hilo la chai liko mikononi mwetu, wala halihitaji fedha. Mtoto asiyetimiza miaka miwili asipewe chai kamwe. Apewe maji safi, na maziwa yakiwapo. Wajawazito na wakubwa wengine wakae angalau saa moja baada ya chakula kabla ya kunywa. Kwenye chakula chenyewe iwekwe ndimu, chungwa, au kipande cha papai, kwani matunda hayo huusaidia mwili kuyapokea yale madini. Na mwenye kumeza vidonge vya damu alivyopewa zahanati asivimeze kwa chai, ama sivyo amevitupa.

Hayo nilimweleza jirani yangu kwa upole, maana si vizuri kunywa chai ya mtu na kuitukana papo hapo. Nikaongeza hesabu, ambayo mwalimu hawezi kuiacha. Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi. Katika nyumba ile wanywaji ni 7, kila mtu vijiko vitatu: gramu 84 kwa asubuhi moja, na kwa siku 30 ni gramu 2,520, yaani kilo mbili na nusu na zaidi. Chai isiyo chungu yatosheka na kijiko kimoja. Hiyo ni gramu 840 kwa mwezi. Zabaki gramu 1,680 za sukari ambazo hazikununuliwa, bila kuhesabu makaa ya nusu saa kila alfajiri. Na mnywaji wa saba, yule mdogo, akitolewa katika hesabu, yapungua tena.

Mume akaichukua karatasi, akaitazama muda mrefu, akaitia mfukoni. Mama hakusema neno. Niliogopa nimemkosea.

Jana jioni, saa kumi, nilipita tena njia ile. Mbabula ilikuwa imezimwa. Birika lilikuwa mezani limefungwa kwa kitenge cha zamani, na yule mdogo alikuwa sakafuni na kikombe chake cha maji, akimwagia miguu yake zaidi kuliko kinywa. Baba mwenye nyumba alitia kijiko kimoja cha sukari, akaonja, akasimamisha mkono uliokwisha kurudi kwenye bakuli.

"Mama watoto," akauliza, "umebadilisha duka?"

"Duka ni lile lile," akajibu, akaenda kumwaga majani chini ya migomba.